Gereji ya Pongwe: brekidauni, fyuzi na matairi chini ya paa moja

Mwenye gari anapokwama Tanga, swali lake la kwanza kwa watu wa brekidauni huwa ni bei, na la pili ni muda watakaotumia kumfikia. Yote mawili ni ya haki, hasa kwa mtu aliyesimama juani pamoja na familia yake huku malori ya saruji yakimpita kwa kasi. Lakini lipo swali la tatu ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kuyatangulia hayo, nalo ni kama huyo anayekuja anajua gari lako linavutwa namna gani. Gereji ninayoiandikia hapa nimeithamini kwa sababu swali hilo sikulazimika kuliuliza mimi. Waliliuliza wao, tena kabla hawajawasha lori lao.

Gereji hiyo ipo Pongwe, kando ya barabara kuu itokayo Tanga mjini kwenda Muheza. Ubao wake umepaushwa na jua hata herufi hazisomeki, na wenyeji humwelekeza mgeni kwa matairi yaliyopandana mbele ya uzio. Kazi zake ni tatu: kubeba magari yaliyoharibika, umeme mdogo wa gari pamoja na fyuzi, na matairi. Anayetaka kufunguliwa injini huambiwa waziwazi aende kwingine, jambo ambalo nalihesabu kuwa sifa, maana mji huu una gereji nyingi zinazokubali kila kazi na kumaliza chache.

Ukipiga simu, anayepokea huanza na maswali ambayo mtu mwenye haraka anaweza kuyaona kuwa ni usumbufu. Gari ni la aina gani, na la mwaka gani? Gia zake ni za otomatiki au za mkono? Linasukumwa na magurudumu ya mbele, ya nyuma au yote manne? Magurudumu yanazunguka, au kuna lililokwama? Lipo kwenye lami au limeingia mtaroni? Handibreki ni ya kuvuta kwa mkono, au ni kitufe cha umeme? Swali hili la mwisho lilinishangaza, hadi nilipoelezwa kwamba handibreki ya kitufe inaweza kukataa kuachia pale betri inapokufa, na gari likabaki limeshikwa nyuma hata gia ikiwa huru.

Maana ya maswali hayo ni kubwa kuliko wenye magari wengi tunavyodhani. Katika gari la otomatiki, pampu inayosukuma oili ndani ya gia boksi huendeshwa na injini. Injini ikizimwa, pampu nayo husimama, na magurudumu yanayosukuma gari yakiburutwa barabarani huzungusha vyuma vya ndani vikiwa havipati oili ya kutosha. Mwendo mfupi wa polepole, wa kulitoa gari katikati ya njia, hauleti balaa. Kulivuta kwa kamba kutoka Segera hadi Tanga, safari ya zaidi ya kilomita 70, ni njia ya uhakika ya kununua gia boksi nyingine. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele linaweza kunyanyuliwa mbele na kuachwa liburuzike kwa magurudumu ya nyuma, mradi handibreki iwe imeachiliwa. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne halitaki hivyo: likinyanyuliwa upande mmoja, upande wa pili unaozunguka hulazimisha propela (ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma) na viunganishi vya kati kufanya kazi ambayo havikuundiwa, hivyo linatakiwa kulazwa zima juu ya lori.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu umbo la gari halisemi ukweli wote. Subaru Forester inajulikana kuwa husukumwa na magurudumu yote manne, na hakuna anayeibishia. Lakini Toyota IST, gari dogo ambalo limejaa katika mitaa ya Ngamiani na Chumbageni, lilitengenezwa kwa namna zote mbili, na vivyo hivyo Noah. Jirani yangu alikuwa na Noah ya magurudumu manne na hakuwa na habari, kwa kuwa aliinunua mjini kutoka kwa mtu ambaye naye hakuwa na habari. Watu wa brekidauni nyingine, ambao sitawataja, waliinyanyua mbele na kuiburuta kutoka Muheza bila kuuliza neno. Gari lililokuwa limeharibika rejeta likafika nyumbani likiwa limeharibika na mambo mengine. Huyu fundi wa Pongwe hachungulii beji ya nyuma. Huinama chini ya gari kutazama kama kuna propela inayokwenda hadi kwenye difu, yaani gia ya ekseli ya nyuma, kisha ndipo huamua.

Kwa magari ya haibridi, kama vile Prius na Aqua ambayo sasa yanazidi kuonekana, hawajadili kabisa. Mota ya umeme imeunganishwa na magurudumu ya mbele, na magurudumu hayo yakizunguka mota inaweza kuzalisha umeme hata kama gari limezimwa. Magurudumu ya mbele yasiguse ardhi: huo ndio msimamo wao, na ndio ulioandikwa katika vitabu vya magari hayo.

Lori lao ni lile lenye sakafu inayoteremka hadi chini, na gari hupandishwa kwa winchi. Nililopenda katika upakiaji ni utulivu. Ndoano ya kuvutia, ambayo kwa magari mengi hukaa pamoja na jeki na hufungwa kwenye tundu lililofichwa na kifuniko kidogo cha bampa, wao huitafuta kwanza badala ya kuchomeka ndoano yao popote palipo chuma. Gari likishapanda, mikanda hufungwa juu ya magurudumu yenyewe, wala si kwenye vyuma vya chini vinavyopinda. Kabla ya yote hayo hulipiga picha pande zote mbele ya mwenyewe, ili mkwaruzo wa zamani usije ukageuka kesi mpya. Pia huweka pembetatu mbili za kuakisi mwanga, na moja huipeleka mbali nyuma kabisa. Matawi ya miti tuliyozoea kuyatandaza barabarani hawayatumii, na huwaambia wateja wayaondoe, kwa kuwa mara nyingi gari huondoka na matawi yakabaki kumsumbua dereva wa usiku.

Ikiwa lori limekwenda mbali na mteja ameamua kuvutwa kwa kamba hadi mahali pa usalama, humpa maelekezo kwa simu, na maelekezo yenyewe ni sahihi. Ufunguo uzungushwe hadi usukani uachiliwe, usiondolewe kamwe. Injini ikiwa imezimwa usukani huwa mzito, na kanyagio la breki hukakamaa baada ya kukanyagwa mara chache, kwa hiyo anayeshika usukani nyuma awe mtu mwenye nguvu na uzoefu. Watoto wapandishwe gari jingine.

Sasa nije kwenye fyuzi, sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Ndugu yangu wa Raskazone alipiga simu akitaka lori, kwa sababu gari lake la otomatiki lilikuwa limewaka vizuri lakini mkono wa gia haukutoka kwenye P, yaani gia ya kuegeshea. Kwa huduma ya kawaida, lori lingekuja, gari lingebebwa, na bili ingelipwa. Fundi mkuu, mzee ambaye huongea polepole mno, alichukua simu, akaitikia shikamoo, kisha akamuuliza: «Mwanangu, hebu mwambie mtu asimame nyuma, halafu kanyaga breki. Taa zinawaka?» Hazikuwaka. Mzee akamweleza afungue kifuniko cha fyuzi chini ya deshibodi, atafute palipoandikwa STOP, na aitazame hiyo fyuzi dhidi ya mwanga. Uzi wake wa ndani ulikuwa umekatika.

Sababu ni kwamba katika magari mengi ya otomatiki, kufuli la gia husubiri ishara kutoka kwenye swichi ileile ya breki inayowasha taa za nyuma. Fyuzi ya taa za breki ikiungua, gari linaamini kuwa hujakanyaga breki, na linakataa kutoka kwenye P. Kwa dharura kuna kitufe kidogo au tundu kando ya mkono wa gia, mara nyingi limeandikwa SHIFT LOCK, ambalo ukilibonyeza gia hutoka. Lakini mzee alimkataza kuendesha gari hata mita moja barabarani bila taa za breki. Akamtuma kijana kwa bodaboda akiwa na fyuzi na taa ya kupimia. Kazi iliyokuwa iwe ya lori ikamalizwa na kipande cha plastiki kisichozidi ukucha, na gharama kubwa ya siku hiyo ikawa nauli ya bodaboda. Sijui wafanyabiashara wangapi wangekuwa tayari kuipoteza hela ya lori namna hiyo.

Umeme wa gari katika mji wa bahari una shida zake. Upepo wa chumvi hula vichwa vya betri na miguu ya fyuzi, hasa kwa magari yanayolala nje upande wa Raskazone, na masika yanapoingia kuanzia mwezi wa tatu, unyevu huongeza kazi. Mafundi hawa hawabadilishi fyuzi na kuondoka. Huchomoa, hutazama kama miguu imeota kutu ya kijani, husafisha sehemu inapokaa, na hupima kwa taa ya kupimia kwenye vile vituo viwili vidogo vya chuma vilivyo juu ya fyuzi. Taa ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekufa. Kwa njia hiyo hawahitaji kuzichomoa zote.

Rangi za fyuzi hizi za miguu bapa ni lugha moja kwa magari karibu yote: kahawia ni ya ampea 7.5, nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, isiyo na rangi ni 25, na kijani ni 30. Mwenye gari akizijua hizi tu, atakuwa ameepuka nusu ya udanganyifu. Nusu ya pili anajidanganya mwenyewe. Nilipokuwa nikisubiri, alikuja kijana mwenye gari lililokuwa likiunguza fyuzi ya tundu la kuchajia simu, na ombi lake lilikuwa fupi: «Mzee, nifungie ya 30 tu, nifike Korogwe.» Mzee alikataa. Fyuzi ya 15 ipo pale kwa ajili ya kuulinda waya, wala si kuilinda chaja. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto katika waya huongezeka mara nne, na hapo kinachoungua si fyuzi tena bali ni waya wenyewe, nyuma ya deshibodi, mahali ambapo hakuna anayeuona hadi moshi utoke. Walipochungulia lile tundu walikuta sarafu imelala ndani. Waliitoa gari likiwa limezimwa, wakarudisha fyuzi ya bluu, na kijana akaondoka akiwa kimya kidogo.

Kanuni yao ni kwamba fyuzi ikiungua mara moja hubadilishwa kwa ya kiwango kilekile. Ikiungua tena, hawafungi ya tatu kabla ya kutafuta penye shoti. Mara nyingi mkosaji ni taa za ziada zilizounganishwa na fundi wa mtaani kwenye waya wa taa ndogo, au redio kubwa. Wana hasira ya pekee na karatasi ya sigara yenye fedha inayoviringishwa kwenye fyuzi iliyoungua, na katika hilo niko upande wao kabisa.

Kwenye matairi sifa zangu zinapungua. Ufundi ni mzuri, uuzaji hauniridhishi.

Niseme kwanza la ufundi. Pancha ya tairi lisilo na tyubu hapa haizibwi kwa kuchomeka tu uzi wa mpira kutoka nje, isipokuwa mteja yuko njiani na amekubali kuwa ni ya muda. Tairi hutolewa kwenye rimu, hukaguliwa ndani, na tundu huzibwa kwa kiraka chenye shina linalopita kwenye tundu lenyewe. Tundu likiwa kubwa kuliko milimita 6, au likiwa ubavuni, hawazibi, kwa sababu ubavu hupinda katika kila mzunguko na kiraka hakidumu hapo. Nati za gurudumu hukazwa kwa mkingamo, si kwa kuzunguka duara, na mwisho hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu badala ya kijana kurukia mpini. Humwambia mteja azikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na wengi wetu hatufanyi.

Ushauri wao juu ya upepo unafaa kusikilizwa na kila anayetumia barabara ya Segera wakati wa jua. Dereva wa kawaida huamini kuwa joto la lami ndilo linalopasua tairi, na kwamba dawa ni kupunguza upepo. Ukweli ni kinyume chake: tairi lenye upepo mdogo hupindapinda ubavuni, kupindapinda huko huzaa joto ndani ya mpira, na joto ndilo linalotenganisha tabaka zake mpaka likapasuka. Ukiongeza magunia ya machungwa ya Muheza ndani ya Noah, umeongeza kupinda juu ya kupinda. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko katika fremu ya mlango wa dereva, na hupimwa asubuhi gari likiwa halijatembea. Tairi likishapata moto namba hupanda yenyewe, na kulitoa upepo wakati huo ni kulipunja. Tairi la akiba jembamba, lile lenye herufi T mbele ya vipimo, hutaka PSI 60 na halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Nimeona IST zikienda nalo Handeni na kurudi.

Kwa anayenunua matairi mawili tu, huyafunga nyuma, hata kama gari linasukumwa na magurudumu ya mbele. Wateja hubisha, lakini sababu ni nzuri: kwenye maji, nyuma ikiteleza gari huzunguka, na si rahisi dereva wa kawaida kulirudisha; mbele ikiteleza, gari huenda moja kwa moja, na kupunguza mwendo kunaweza kulisaidia.

Uuzaji sasa. Sehemu kubwa ya matairi yao ni mtumba kutoka Japani, na kijana anayeuza hana uangalifu wa yule mzee. Humwonyesha mteja mifereji mirefu, humwambia halijatumika sana, na hunyamaza kuhusu umri. Mteja atazame ubavuni, mwisho wa ule mstari unaoanza na herufi DOT, ambapo tarakimu nne hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala ghalani, na wenye tahadhari huanza kulikagua tairi kila mwaka likishapita miaka mitano, na hawalipandishi kabisa likifikisha miaka kumi. Nilikuta pale matairi yenye mifereji ya kupendeza na nyufa nyembamba karibu na rimu. Nilipomwonyesha kijana alisema ni vumbi. Mzee alipoitwa aliyaondoa bila ubishi, lakini haipasi iwe kazi ya mteja kumwita mzee.

Mteja atazame pia uwezo wa kubeba. Katika tairi lililoandikwa ubavuni 195/65R15 91H, hiyo 91 inamaanisha tairi moja linabeba kilo 615. Kwa kuwa muuzaji huangalia kama linaingia kwenye rimu tu, anayebeba mizigo anaweza kuondoka na tairi dhaifu kuliko lililotoka. Mifereji nayo ina vinundu vidogo chini yake. Tairi likilika hadi kufikia vinundu hivyo, limebaki milimita 1.6, na msimu wa mvua usilisubirie hadi hapo. Lawama nyingine ni geji ya kompresa yao, ambayo ilisoma juu kuliko yangu na kuliko ya kituo cha mafuta. Niliwaambia, wakakubali, na niliporudi ilikuwa ni ileile. Nendeni na geji zenu.

Kuhusu malipo sina lalamiko kubwa. Bei ya lori hutajwa kwenye simu kabla halijaondoka, kwa kufuata umbali na mahali gari lilipo, na haikunibadilikia nilipofika. Hakuna orodha ya bei ukutani, nayo ni kasoro kwa mgeni. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, hutolewa, ila uombe.

Kasoro inayouma zaidi ni kuwa lori ni moja. Likiwa limekwenda Horohoro au Korogwe, utasubiri, na hawana utaratibu wa kukuelekeza kwa mwenzao. Baada ya saa nne usiku simu huita bila kupokelewa. Barabara ya Pangani huikwepa mvua inaponyesha, na hukwambia hivyo tangu mwanzo badala ya kukuacha ukisubiri. Ijumaa hufunga kuanzia saa sita mchana mpaka swala ya Ijumaa iishe, hivyo mwenye kazi ya fyuzi au tairi afike asubuhi, wakati mzee mwenyewe yupo.